Tochi ya dharura itakayowaka baada ya miezi sita kabatini: ipi ununue

Malalamiko ni yale yale hapa Uganda, kuanzia Ntinda hadi Arua. Tochi ilinunuliwa, ikachajiwa usiku kucha, ikawekwa juu ya kabati. Miezi mitano baadaye stima inapotea saa tatu usiku, mvua inapiga mabati, mtu anapapasa juu ya kabati, anabonyeza, na hakuna kitu. Au inatoa mwanga mnyonge wa dakika mbili kisha inazima. Mwenye tochi anadhani alinunua yenye nguvu ndogo, hivyo akirudi dukani anaomba iliyo kali zaidi. Anauziwa ugonjwa ule ule katika boksi kubwa zaidi.

Kwa hiyo hapa hakuna habari za mwanga unafika mita ngapi. Ndani ya nyumba, lumeni 20 (lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga) zikielekezwa kwenye dari zinatosha kupika na kuvalisha watoto. Ukisimamisha tochi chini ya jerikeni la maji, mwanga unasambaa chumba kizima, hata jerikeni likiwa la njano. Tochi ya dharura hufanya kazi labda saa 20 kwa mwaka. Zile nyingine zaidi ya 8,700 imelala, na kuwaka kwake siku ya shida kunategemea kinachoendelea humo ndani wakati imelala.

Anza na swichi, maana hapo ndipo karibu kila mnunuzi anapopita bila kutazama. Swichi ziko za aina mbili. Ya mekaniki hukata njia ya umeme kabisa, kama swichi ya ukutani: ukizima, betri haitoi chochote. Ya kielektroniki ni kitufe laini, mara nyingi ubavuni, na nyuma yake kuna saketi ndogo inayokaa macho usiku na mchana ikingoja kidole chako. Saketi hiyo inakula. Ikitengenezwa vizuri inakula mikroampea 20 hivi (miliampea moja ni mikroampea 1,000), na betri yenye chaji ya miliampea-saa 2,000 ingeihudumia kwa zaidi ya miaka 11. Ikitengenezwa ovyo inakula nusu miliampea, na betri hiyo hiyo inakwisha ndani ya siku 166. Ikila miliampea moja, siku 83. Zile siku 166 ndizo miezi mitano ya kwenye malalamiko, na boksi halitaji lolote.

Dukani utazitofautisha hivi. Washa tochi. Legeza kifuniko cha nyuma taratibu mpaka izime, kisha kikaze tena. Ikiwaka yenyewe, swichi ni ya mekaniki. Ikibaki imezima mpaka ubonyeze tena, ni ya kielektroniki. Haichukui nusu dakika na haihitaji kifaa chochote. Muuzaji akikukataza kufungua kifuniko, mwachie tochi yake.

Kama tayari unayo ya kielektroniki, usiitupe. Tazama hesi za kifuniko cha nyuma. Zikiwa na rangi ya kijivu au nyeusi sawa na mwili wa tochi, rangi hiyo haipitishi umeme, na ukilegeza kifuniko robo mzunguko umekata njia kabisa. Hesi zikiwa zinang'aa fedha tupu, kulegeza hakusaidii. Hapo toa betri, uziweke kwenye mfuko mmoja na tochi. Mwenye multimita, kile kifaa cha kupimia umeme, anaweza kupima: fungua kifuniko, weka kipimo kwenye miliampea, ncha moja iguse upande hasi wa betri, nyingine iguse ukingo wa mwili wa tochi, tochi ikiwa imezimwa. Ikiwaka ulipogusa, ujue swichi iko kwenye kile kifuniko ulichotoa, na hakuna cha kupima.

Halafu betri yenyewe. Betri za kuchaji za kawaida za NiMH (za nikeli) hupoteza sehemu kubwa ya chaji mwezi wa kwanza tu, na joto la Gulu au Moroto linaongeza kasi. Zile za kavu zisizochajiwa zina ubaya mwingine: huvuja. Ya alkali ikivuja huacha unga mweupe wa potasiamu unaokula springi. Futa kwa pamba yenye siki au maji ya ndimu. Zile za bei nafuu za zinki na kaboni huvuja tindikali, nazo hufutwa kwa maji ya magadi soda. Ukibadilisha dawa, siki kwenye tindikali, unaongeza uharibifu. Betri huvuja zaidi pale moja ikiwa imekwisha na mwenzake bado, basi usichanganye nzee na mpya wala kampuni mbili katika tochi moja.

Chaguo la kwanza, na sitaficha upande wangu: tochi ya AA mbili yenye swichi ya mekaniki mkiani, ndani yake betri za kuchaji za Eneloop. AA ni ile ya saa ya ukutani. Eneloop zilitoka mwaka 2005 chini ya Sanyo, sasa ni za Panasonic, nayo inasema zikikaa miaka 10 bila kuguswa hubaki na asilimia 70 ya chaji. Hata ukipunguza kwa ajili ya joto letu, hakuna betri nyingine ya kuchaji ya ukubwa huo ninayoiamini kukaa kabatini namna hiyo. Ni volti 1.2, miliampea-saa zipatazo 1,900, na kila moja ina uzito wa gramu 26 au 27. Mwili wa tochi nachagua Fenix, kwa mfano E20 V2.0, kwa sababu ina saketi inayopandisha volti. Jambo hilo lina uzito. Balbu nyeupe ya LED inataka karibu volti 3, na Eneloop mbili ni 2.4 tu. Tochi ya AA mbili isiyo na saketi hiyo itatoa mwanga wa kibatari ukiweka betri za kuchaji, na watu huilaumu betri.

Faida nyingine ya AA ni kwamba chaji ikikwisha siku ya tatu ya giza, duka lolote la Kabale, Soroti au kijijini Bundibugyo lina AA za kutupa. Uzitumie, kisha uzitoe. Usiziache ndani.

Chaja nayo ichague vizuri. Chaja inayochaji betri mbili mbili kwa pamoja, na ile inayochaji kwa saa tu bila kujua betri imejaa, zinaua Eneloop ndani ya mwaka. Nunua yenye taa ya kila betri peke yake, kama BQ-CC17 ya Panasonic: taa nne, betri nne, kila moja inasimamishwa kwa wakati wake. Kabla ya kulipa soma nyuma yake kwamba inapokea volti 240, kwani zipo zilizotengenezwa kwa volti 120 za Marekani.

Ambaye hataki habari ya kuchaji kabisa anunue Energizer Ultimate Lithium za AA. Hazichajiwi, bei yake inauma, lakini hazivuji kama za alkali na zinakaa miaka zaidi ya 20. Kwa begi la kukimbilia nalo mlima unapoporomoka, kama ilivyokuwa Bulambuli Novemba 2024, hizo ndizo za kuweka.

Chaguo la pili ni taa ya sola ya Sun King au d.light, kwa ajili ya chumba. Haishindani na tochi, inakaa pamoja nayo. Taa za Sun King hutumia betri ya lithiamu na fosfati ya chuma, ambayo hupoteza chaji polepole sana ikilala na huvumilia joto. Ila inunue kwa fedha taslimu. Ile ya kulipa kidogo kidogo kwa mobile money hujifunga malipo yakichelewa, na dharura mara nyingi ndiyo wakati mtandao wa simu umekufa au fedha haipo. Taa ya dharura inayozimika kwa sababu ya deni siku ya mafuriko, kwangu haijatimiza kazi. Ukishaipata isiwe pambo la sebuleni: iwe dirishani jua lifike kwenye paneli angalau mara moja kila mwezi.

Chaguo la tatu ni tochi ya seli moja ya 18650, yaani betri ya kuchaji ya lithiamu, na hapo Convoy S2+ ndiyo ya kununua: swichi ya mekaniki mkiani, mwili wa alumini, na kila kipande kinabadilishika. Ningeiweka ya kwanza kama seli halisi zingepatikana kirahisi. Hazipatikani. Namba 18650 maana yake ni kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, na ndani ya ukubwa huo viwanda vikubwa kama Samsung, LG na Panasonic huishia karibu miliampea-saa 3,500. Sasa pita Kikuubo, kwenye maduka ya Kampala, uone zilizoandikwa 9900. Ni uongo uliochapishwa kwa rangi nzuri. Omba mizani: seli halisi ni gramu 45 hadi 50. Nyingi za 9900 ni nyepesi kwa mbali, maana ndani kuna seli ndogo na kitu cha kujazia. Na seli halisi haiuzwi shilingi 3,000. Seli ya lithiamu ya kulala ichajiwe hadi volti 3.8 au 3.9, isijazwe mpaka 4.2, na isiachwe ishuke chini ya 2.5. Iliyoshuka hapo kwa miezi usiijaribu kuifufua, inaweza kushika moto kwenye chaja.

Tochi za kuzungusha mkono: betri yake ni ndogo kama kifungo na hufa mapema. Ziache.

Zile za plagi ya kukunja zinazochomekwa ukutani, za shilingi elfu kumi hivi, naziweka mwisho kabisa. Ndani mna betri ya risasi, aina ya ile ya gari, ya volti 4. Betri ya risasi ikilala bila chaji, sahani zake huota chumvi ngumu na haishiki tena. Ikiachwa kwenye umeme, hakuna kinachoisimamisha ikijaa, inakauka. Kwa hiyo inakufa ukiisahau na inakufa ukiikumbuka sana. Nyingi huchaji kupitia kapasita tu, bila transfoma, maana yake sehemu za ndani zimeungana moja kwa moja na volti 240. Usiiwashe ikiwa ukutani, na usiruhusu mtoto aishike ikichaji. Plagi yake ni ya pini mbili na soketi zetu ni za pini tatu, ndiyo maana nyumba nyingi kuna kijiti au kalamu ya kusukumia tundu la juu. Huo ni mlango wa kifo watu wameuzoea.

Wauzaji wanajua haya. Wanajua kwa sababu tochi zinarudishwa mikononi mwao kila wiki, nao wanaonyesha maandishi ya kwenye risiti kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Maandishi hayo yasikutishe. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017 inamtaka anayefanya biashara auze kitu kinachofaa kwa kazi uliyomweleza. Basi mweleze kwa sauti, mbele ya mtu: "Nataka tochi ya kukaa kabatini miezi sita kisha iwake." Dai risiti yenye jina la duka na aina ya tochi. Kinachokera zaidi ni kufungua pakiti ya Eneloop nne na kuuza moja moja kwa bei ya juu, zikiwa zimechanganywa na zilizotumika. Pakiti iliyofunguliwa usiiguse, hata ukiapiwa.

Ukifika nyumbani, chaji betri, ziandike kwa kalamu ya wino namba ya jozi na mwezi, jozi A na jozi B. A iingie kwenye tochi, B ikae kwenye kifuko kilichofungwa vizuri na pakiti ile ya kukausha unyevu inayokuja na viatu vipya. Tochi itundikwe kwenye msumari karibu na mlango wa chumba cha kulala, usawa wa mkono wa mtu mzima, na kila mtu wa nyumba aipapase gizani mara mbili tatu hadi mkono uzoee. Muhula wa shule unapoanza, Februari, Mei na Septemba, iwashe dakika kumi, pangusa springi kwa kitambaa kikavu, kisha A na B zibadilishane.