Mkokoteni wa kubebea vifaa vizito: magurudumu gani ununue kwa mchanga wa Dodoma

Fremu ya mkokoteni haimshindi fundi yeyote wa kuchomelea. Pesa hupotelea kwenye magurudumu: mtu ananunua yaliyo rahisi, anapakia jenereta, akiacha lami ya Nzuguni au Nala hatua mia tu mkokoteni umezama mchangani, watu wanne wanausukuma. Kwa hiyo nunua magurudumu kwanza, fremu ifuate vipimo vyake.

Kabla ya kwenda sokoni piga hesabu ya mzigo. Dumu la lita 20 likijaa ni kilo 20 na ushee. Jenereta ndogo ya petroli ya kVA 2.5 huwa kati ya kilo 40 na 50. Pampu ya maji ya inchi 2 ni kama kilo 25. Anayepeleka pampu, mipira na madumu manne kwenye shamba la zabibu Hombolo, na jenereta juu yake, anakaribia kilo 200. Mpangilio ufuatao, kuanzia magurudumu yanayofaa zaidi, ni wa mzigo wa kiasi hicho, ukivutwa na mtu mmoja au wawili.

1. Magurudumu ya mbele ya pikipiki, mawili, yaliyotumika

Hapa ndipo tungeweka pesa. Tairi la saizi ya 2.75-18 (upana na rimu kwa inchi) lina kipenyo cha karibu sm 60, hivyo linapanda juu ya mchanga na mawe badala ya kuyasukuma. Pembeni mwa tairi kuna namba ya uwezo: 42 maana yake kilo 150 kwa tairi moja, 47 ni kilo 175. Hata mawili ya 42 yanakupa kilo 300.

Chukua ya mbele yote mawili, ya saizi moja. La nyuma lina habu (kitovu cha gurudumu) ya sproketi, ile gia ya mnyororo, ambayo huihitaji, na ukichanganya saizi mkokoteni utalala upande. Chagua la spoku kuliko la aloi. Aloi ikipasuka imekwisha, spoku hunyooshwa na fundi baiskeli yeyote. Ukiwa dukani, gonga spoku moja moja kwa spana: iliyolegea hutoa mlio butu. Kisha shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, beringi zimekufa. Mara nyingi ni za namba 6301, zinapatikana kirahisi, ila tumia ubovu huo kushusha bei. Likifika nusu ya bei ya jipya, nunua jipya. Ekseli na nati zake zidai hapo hapo.

Kosa linaloua mikokoteni hii ni moja. Ekseli ya mbele ya pikipiki ni ya mm 12 hivi, nayo imetengenezwa ishikwe pande zote mbili na uma. Fundi akiishika upande mmoja kama gurudumu la gari, itapinda siku ya kwanza ya mzigo mzito. Kila gurudumu likae kati ya vyuma viwili.

Kosa la pili ni dogo lakini linasumbua. Ukitoa sahani ya breki na gia ya waya wa spidi, panabaki pengo kwenye ekseli. Lijaze kwa bushi, yaani kipande kifupi cha bomba, inayobana duara la ndani la beringi. Bila bushi, gurudumu litatembea kushoto na kulia hadi lianze kula fremu.

2. Magurudumu ya gari, rimu ya inchi 13

Kwa mchanga haya ndiyo mabingwa, na ndiyo maana mikokoteni ya punda huyatumia. Tairi la 155/80R13 lenye namba 79 hubeba kilo 437. Tatizo ni uzito wa gurudumu lenyewe, na lazima upate ekseli fupi na habu zake kutoka kwenye vyuma chakavu. Kama mzigo unazidi kilo 300 au una punda, yapandishe yawe namba moja.

3. Magurudumu ya toroli, 4.00-8

Rahisi, yako kila duka la vifaa vya ujenzi. Yanafaa kwenye uwanja mgumu au sakafu. Kipenyo ni kama sm 40, hivyo mchangani yanachimba. Ukilazimika, nunua yenye beringi. Bushi ya plastiki huisha upesi kwa vumbi letu.

4. Baiskeli

Hadi kilo 80, basi. Spoku zake hubeba mzigo wa kwenda chini; mkokoteni ukikata kona kwa nguvu, rimu inakunjika kama nane.

Vigurudumu vidogo vya mpira mgumu viache kwenye sakafu ya stoo.

Fremu ya magurudumu ya pikipiki

Nunua mabomba mawili ya mraba ya mm 40 kwa 40, unene mm 2, urefu mita 6. La mm 1.2 ni rahisi, lakini linatoboka wakati wa kuchomelea. Bomba la kwanza likatwe: sm 120 mara mbili, sm 96 mara mbili, sm 80 mara mbili. Jumla ni sm 592, kwa hiyo lipime kabla ya kulipa. Likiwa la mita 5.8, kipande kimoja cha sm 80 kitoke bomba la pili. La pili litoe sm 60 mara mbili, na kilichobaki kiwe mpini na miguu.

Yale ya sm 120 ni mbavu za kitanda cha kuwekea mzigo, upana wa nje sm 60. Ya sm 60 yanapita chini, kwenye ncha. Ya sm 96 nayo yanapita chini, katikati yakiachana sm 70, na ncha zake zinazotokeza zinabeba yale ya sm 80. Kila gurudumu linapata nafasi ya sm 14. Habu yako ikiwa pana zaidi, ongeza. Pima pia mlango wa stoo, maana mkokoteni mzima una upana wa sm 96. Ekseli ishikwe na flatibaa (vyuma bapa) nne za mm 50 kwa 6. Toa magurudumu kabla ya kuchomelea: umeme ukipita kwenye beringi unaziharibu.

Mzigo mzito ukae juu ya ekseli, ukielekea mpini kidogo tu. Kilo 200 zikisogea mbele sm 5, kwa mpini ulio mita 1.5 kutoka ekseli, mkono unabeba kama kilo 7. Zikisogea sm 20, unabeba 27.

Halafu mbigili. Kiangazi zitatoboa tyubu mpya kama kuukuu. Kata ukanda wa tairi chakavu la baiskeli, toa waya za kingo, uulaze kati ya tairi na tyubu, ncha zikiwa zimechongwa nyembamba, maana ncha nene husugua tyubu na kuleta pancha nyingine.