TAHADHARI: Kuna tapeli anauza vyumba vya hoteli ya zamani Iringa mjini

Ndugu zangu mnaopanga kwenda Iringa, kuna mtu anachukua hela za watu kwa jina la hoteli moja ndogo ya zamani pale katikati ya mji, karibu na soko kuu. Hoteli siitaji, maana wenyewe hawana kosa na wanaharibiwa jina.

Mimi na mama tulitoka Mbeya wiki iliyopita kwenda harusini. Mama alisoma Iringa ujanani, na miaka yote ametamani kulala kwenye nyumba zile za kuta nene na roshani ya mbao, asubuhi asikie soko likiamka, kisha atembee taratibu mpaka Boma la Wajerumani, ambalo siku hizi ni makumbusho. Nikakuta ukurasa Facebook wenye picha za hoteli hiyo na namba ya WhatsApp. Jamaa anajibu haraka, lugha laini. Vyumba viwili, siku mbili, 200,000, tanguliza nusu. Nikatuma 100,000. Haijapita nusu saa akadai 18,000 nyingine, eti kodi ya utalii. Nikatuma tena.

Hapo ndipo nilipozubaa. Kabla sijaweka namba ya siri, simu ilinionyesha jina la mpokeaji, na lilikuwa jina la mtu, si la hoteli. Nilipouliza akasema ni mhasibu wao. Tena picha aliyodai kaipiga "leo asubuhi" ilikuwa na mjakaranda umejaa maua ya zambarau. Mwezi wa saba! Mti ule huchanua kuanzia mwezi wa tisa, wa kumi huko. Mama ndiye aliyegundua, na wakati huo tuko ndani ya basi.

Tulishuka stendi ya Igumbilo saa mbili usiku, na baridi ya Iringa mnaijua. Jamaa akapiga mwenyewe: bomba limepasuka hotelini, kuna bajaji inawasubiri iwapeleke gesti nyingine, mtaongeza 60,000 tu. Mama akakataa katakata, na namshukuru Mungu kwa hilo, kwa sababu sijui tungepelekwa wapi usiku ule. Tukatafuta bajaji yetu mpaka mjini. Dada wa mapokezi akamwamkia mama, akafungua daftari, jina letu halimo. Bomba ni zima. Akasema si sisi wa kwanza kufika hivyo. Vyumba vilijaa, lakini alimpa mama chai ya moto na kupiga simu huku na huku mpaka tukapata pa kulala.

Huduma kwa wateja wa mtandao wa simu walisema hela imeshatolewa. Polisi nimechukua RB, yaani namba ya taarifa iliyoandikishwa kituoni, na meseji zake nimezituma 15040, namba ya kuripoti matapeli. Nanyi mkizipata zitumeni huko, msizifute.

Ukitaka chumba kwenye hoteli hizi za kale, mwombe ndugu au rafiki aliyepo mjini apite mapokezi, ni hatua chache tu kutoka sokoni. Wakikupa lipa namba, hakikisha jina linalotokea ni la hoteli. Likitokea la mtu binafsi, acha hapohapo, hata akikuambia ni mhasibu.

Jana jioni nimeona picha ileile, mjakaranda uleule, kwenye ukurasa wenye jina jipya. Sasa chumba ni 35,000.