TAHADHARI: Ukiona boti ya faiba imeandikwa "sakafu mpya", shika pesa yako kwanza

Wadau wa boti, mlioko Dunga, Usenge, Mbita mpaka huko Baringo, kuna jamaa anauza boti za faiba kuukuu akitokea Naivasha na amenipiga laki mbili na tisini mchana peupe, nikimwangalia na nikimwambia asante. Jina siandiki hapa. Nimeshaandikisha OB kituo cha polisi na wakili ameniambia nifunge mdomo kuhusu jina na namba ya simu, kwa hivyo nitawaelezea tu venye anafanya kazi yake, ukikutana naye utamjua.

Tangazo lilisema boti futi 21, faiba, viti kumi, haijawahi kuguswa na chumvi, sakafu mpya kabisa. Mimi nilikuwa natafuta ya kubeba wageni wa kuangalia viboko na kuwapeleka kisiwa cha Ndere, injini ya hosipawa 25 ninayo tayari, nimekosa tu boti yenyewe. Na hayo maneno ya chumvi yalinivuta sana nikaona huyu ni mtu wa ukweli, kumbe ni kinyume, mbao huoza haraka kwa maji matamu kuliko kwa ya bahari, chumvi inazuia ule ukungu wa kuozesha. Maji ya mvua ndio mabaya kabisa, boti ikikaa nje miaka bila turubai mvua inaingia kila shimo la skrubu na haina pa kutokea. Hii nimejifunza baadaye, tena kwa gharama.

Nilifika Naivasha asubuhi nikaikuta boti iko kwa maji, imefungwa vizuri, rangi ya bluu na nyeupe inanukia upya, ndani kapeti ya kijani imegundishwa kwa gundi kutoka ukuta hadi ukuta, hakuna mahali unaweza kuingiza hata ukucha. Jamaa akaniambia "Ruka bosi, ruka uone hiyo floo." Nikaruka. Mtu mzima, baba wa watoto watatu, naruka-ruka kwa boti ya watu kama niko harusini. Iko ngumu kama simiti. Nikamwomba tuivute nchi kavu nione chini, akasema trela iko gereji, lakini nisijali kuna fundi anapita hapo, hata hawajuani vizuri, atanikagulia bure. Fundi akatokea dakika tano tu, akagonga ubavuni mara mbili tatu, akasema hii ni chuma. Sakafu hakuigonga. Hapo ndio ningefungua macho, lakini simu ya jamaa ilikuwa inalia kila saa, ati mtu wa Baringo anakuja kesho na pesa taslimu.

Pia alinionyesha kwa simu picha ya cheti cha ukaguzi cha Kenya Maritime Authority, wale wa serikali wa vyombo vya majini, nikaona jina la mamlaka nikatosheka. Sikulinganisha namba. Namba ya kwa cheti haikuwa ile imeandikwa kwa boti, hii nimekuja kuiona nikiwa Kisumu nimetulia, nimeivuta picha ikakuwa kubwa. Na zile karatasi mbili tulizoandikiana zina mstari mmoja chini, imeuzwa ilivyo, nikaweka sahihi nikatuma pesa kwa M-Pesa mara mbili.

Kupakia ndio kulianza kuninukia. Vijana kumi na wawili na magogo ya kuviringisha, wanalia kama wanabeba kaburi. Dereva wa lori la kanta akaniuliza, mkubwa, mmeacha maji ndani? Nikamwambia hapana, ni boti imara. Tukapanda nayo Nakuru, Mau Summit, Kericho, milima yote kanta inahema, mimi nimekaa mbele nawaza majina ya kuipaka.

Dunga tuliishusha kwa maji, nikafunga injini, tukapanda watu wanne. Ilikataa kuinuka. Pua juu, matako chini kama bata, mafuta yanaenda tu, na jirani yangu ana boti ya futi hizo hizo na injini hio hio akibeba watu nane anateleza. Nikasema labda ni propela, nikabadilisha propela. Nikasema labda ni plagi. Wiki mbili nalaumu injini ya watu haina makosa.

Kuna mzee hapo ufuoni ametengeneza maboti tangu tukiwa watoto, nikamwita. Hakuuliza kitu. Alichukua bisibisi, akaigeuza, akawa anagonga sakafu na mpini wake akitoka pua kwenda nyuma, polepole, huku ameinamisha kichwa kama daktari. Mbele ilikuwa inalia tok tok. Kufika katikati ikawa ni kama unagonga papai bivu. Akaenda nyuma, akashika mguu wa injini akausukuma juu na chini, na ule ukuta unaobeba injini ukacheza pamoja nayo, kidogo tu, upana wa shilingi. Akaniangalia akasema, "Omera, hii boti inakunywa."

Tukaivuta nje, akafungua kizibo cha chini, maji yakatoka. Kesho yake bado yanatoka. Siku ya nne bado yanadondoka kama pua ya mtoto mwenye mafua, na boti iko nchi kavu kwa jua la Kisumu.

Sasa kung'oa. Kwanza mzee hakuniruhusu kukata kitu mpaka tumeiweka sawa juu ya mbao na matairi ya zamani, tukapima na mpira wa maji kama wa wajenzi kila upande, kwa sababu sakafu na zile mbao za chini yake ndio zinashikilia umbo, ukizitoa boti ikiwa imelala upande faiba inajikunja, na ukifunga sakafu mpya utakuwa umeifunga ikiwa kombo milele. Tukapiga picha kila kona, tukapima kimo cha sakafu. Halafu kapeti ikatoka kwa kisu, na chini yake nikaona skrubu. Nyeusi. Zile za jipsam za kufungia siling! Zimeshika kutu zote, vichwa vinakatika kwa vidole.

Msumeno wa duara akauwekea kina cha milimita 15 tu, usije ukagusa mbao za chini au tumbo lenyewe, akakata kuzunguka akiacha kama inchi tatu kutoka ukutani, hio ya pembeni inatolewa baadaye na grainda. Kipande cha kwanza kikainuka. Plaiwudi ya kawaida ya ndani ya nyumba, tena ile nyembamba, ikaachana kwa matabaka kama chapati. Upande wa juu wamepaka tabaka moja la faiba, upande wa chini hakuna kitu, mbao tupu. Nikadhani tumemaliza.

Chini yake kulikuwa na sakafu nyingine.

Yaani jamaa hakuitoa ile iliyooza. Amelaza nyingine juu yake tu. Katikati penye ilikuwa imebonyea amejaza bodifila ya magari na vipande vya siling bodi ili juu pakae sawa, ndio maana nikiruka inaniambia niko kwa simiti. Hio ya chini, ile ya kiwandani, haikuhitaji msumeno. Tulichota na sepetu. Ilikuwa kama majani ya chai yamechemshwa mara tatu, nyeusi, laini, na inanuka kinamasi. Zile mbao ndefu mbili zinazotoka mbele kwenda nyuma chini ya sakafu, zilizovikwa faiba, ukiziangalia ni nzima, zinang'aa, lakini mzee alitoboa moja na bisibisi ikamwaga maji ya rangi ya chai kavu kwa muda ningeweza kunywa soda nikaimaliza. Ndani hakuna mbao. Limebaki ganda.

Na sponji. Katikati ya hizo mbao kuna sponji ngumu ya manjano, imewekwa ili boti isizame ikijaa maji. Ikikaa kwa maji miaka inanyonya. Mimi nilisema tuianike juani kama omena, mzee akacheka, akaniachia kipande kimoja nianike wiki nzima, nje kikakauka kabisa, nikakikata katikati maji yakanitiririkia mkononi. Kwa hivyo tuliikata yote tukaijaza kwa magunia ya mahindi, yale makubwa, na kwa hasira nikayapeleka kwa mama anayepima samaki nikamwomba mizani. Gunia la kwanza kilo 31. Kavu haingefika kilo tano. Magunia saba, kilo 214 jumla. Hao ni watu watatu wa mwili nilikuwa nabeba kila safari, hawalipi nauli.

Vumbi la grainda sitaki hata kulikumbuka. Siku ya kwanza nilivaa fulana, nikaenda kuoga maji moto. Ni upupu ndugu zangu, upupu wa kiwandani, usiku tatu sijalala mke wangu amenihamishia sebuleni. Vaa mikono mirefu, funga vifundo na selotepu, barakoa ya maana na miwani, na ukimaliza uoge kwanza maji baridi bila kujisugua.

Nilimpigia jamaa. Siku hio alishika, akanisikiliza vizuri kabisa, halafu akasema, "Lakini bosi si ulikagua mwenyewe? Si uliruka?" Akakata. Tangu hapo namba yangu haiingii kwake. Kituoni waliniambia nimeweka sahihi imeuzwa ilivyo, hio ni maneno ya kudaiana, si ya jinai, lakini wakili anasema kuficha uozo kwa makusudi na kumwambia mtu ni sakafu mpya inaweza kuangukia kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, kupata mali kwa udanganyifu, na ndio tunaenda nayo hio. Picha za skrubu na ile bodifila zote ninazo.

Kama unataka kununua boti ya hivi, mimi sasa nasema ile yenye sakafu mbovu inayoonekana ni afadhali, angalau unajua unanunua nini na bei inashuka. Sakafu mpya uulize nani alitengeneza, picha za wakati imefunguliwa ziko wapi, mbao za chini zilibadilishwa ama hapana, na mtu aliyefanya kazi ya kweli atakuwa nazo picha kwa sababu ni kazi ya wiki kadhaa na kila mtu hujisifu nayo. Kapeti iliyogundishwa kote, kataa, ama ainue kona moja mbele yako. Itolewe kwa maji, kizibo kifunguliwe, ilale hivyo usiku mmoja na wewe urudi asubuhi uangalie. Gonga mwenyewe, sikiza. Ng'oa skrubu moja ya kiti karibu na nyuma, ikitoka na unga mweusi wenye maji, panda matatu urudi kwenu. Na fundi wa kukagua uje naye kutoka kwenu, umlipe wewe, hata kama ni elfu tatu na nauli. Cheti soma namba.

Kutengeneza nimetumia mpaka sasa karibu kile nilichonunulia. Plaiwudi ya marini ile ya boti, rezini ya kugandisha faiba, mati za faiba, hadna ya kuifanya rezini ikauke. Tunachanganya alfajiri tu kwa sababu jua likishatoka rezini inakimbia kukauka, kuna ndoo moja ilitoa moshi mikononi mwa kijana kabla hatujafika kwa boti, tukaitupa mchangani ikawa jiwe. Mbao moja ndefu imeshaingia, ya pili wiki hii.

Kilichonifanya niandike leo na si siku nyingine ni kwamba jana usiku nimetumiwa tangazo na rafiki wa Homa Bay anauliza kama bei ni nzuri. Futi 19, viti nane, nyekundu na nyeupe, haijawahi kuguswa na chumvi, sakafu mpya. Kapeti ni ya kijani, ile ile, hata ule mshono wa pale kiti cha dereva uko. Jina la muuzaji ni lingine na namba ni nyingine. Rafiki yangu alikuwa ashatuma elfu tano ya kushikilia. Kama na wewe umenunua, au umetuma ya kushikilia, niandikie inboksi na picha za boti yako na meseji za M-Pesa, wakili anasema tukiwa watatu wanne hio ya "imeuzwa ilivyo" haitamsaidia sana.