Namba Nyuma ya Nyota: Tathmini ya Huduma ya Kutafuta Waliotunukiwa Nishani za Kisovieti

Nishani niliyoipeleka kufanyiwa utafiti ilikuwa ya Nyota Nyekundu, aina iliyoanzishwa Aprili 1930 na kutolewa zaidi ya mara milioni 3 kabla Umoja wa Kisovieti haujavunjika. Niliinunua bila karatasi yoyote. Ni nyota ya fedha yenye ncha tano, enameli yake ni ya rangi ya damu ya mzee, na katikati amesimama askari wa Jeshi Jekundu mwenye bunduki. Upande wa nyuma kuna skrubu na nati yake, na chini ya skrubu kuna namba ya tarakimu saba iliyochongwa kwa mkono, tarakimu moja ikiwa imepinda kidogo kana kwamba mchongaji aliitwa na mwenzake katikati ya kazi. Namba hiyo ndiyo iliyonifanya nilipie huduma ninayoieleza hapa.

Duka lililoniuzia nishani hutoa utafiti kama huduma ya ziada, na sitalitaja jina kwa kuwa nina malalamiko ambayo ni yangu peke yangu. Mteja hutuma picha ya namba, hulipa nusu ya ada, kisha duka huwasiliana na mtafiti aliyeko Urusi, ambaye kazi yake ni kupata rekodi zilizohifadhiwa katika Hifadhi Kuu ya Nyaraka ya Wizara ya Ulinzi, iliyopo Podolsk, kusini mwa Moscow. Ada nzima ilikaribia nusu ya bei ya nishani yenyewe. Niliahidiwa majibu ndani ya wiki nane, na yakaja baada ya miezi mitano, bila barua hata moja ya kuniomba radhi katika kipindi hicho chote.

Kabla ya kuipima huduma ya kulipia, ni haki kueleza kile ambacho mkusanyaji anaweza kukipata bure. Wizara hiyo hiyo ilifungua hazina ya mtandaoni iitwayo Podvig Naroda mwaka 2010, na baadaye, mwaka 2015, ikafungua Pamyat Naroda, na humo yamewekwa mamilioni ya maagizo ya kutunuku pamoja na karatasi za mapendekezo, yaani fomu za kumpendekeza askari apewe tuzo, za Vita Kuu ya Uzalendo, jina la Kisovieti la vita vya 1941 hadi 1945 dhidi ya Ujerumani. Hazina ya tatu, OBD Memorial, ambayo ni ya mwaka 2007, inahusu waliouawa na waliopotea. Mtu mwenye jina, jina la baba na mwaka wa kuzaliwa anaweza kuketi jioni moja, akaandika herufi za Kisirili, yaani za Kirusi, kwa uangalifu, akapata kurasa zenyewe zilizopigwa picha bila kulipa hata senti. Kwa hiyo, ikiwa nishani yako ilikuja na kijitabu chake cha uthibitisho, usimlipe mtu yeyote akutafutie unachoweza kukifungua mwenyewe, na nilisikitika kuona kuwa duka hili haliwaambii wateja wake jambo hilo.

Tatizo ni kwamba hazina hizo hutafutwa kwa jina. Karatasi ya pendekezo iliandikwa kabla nishani haijatolewa, kwa hiyo haiwezi kuwa na namba ya kitu ambacho askari alikuwa bado hajakabidhiwa. Kiungo kati ya chuma na mtu ni kadi ya kumbukumbu, iliyojazwa mhusika alipoandikiwa kijitabu chake cha nishani, mara nyingi vita vikiwa vimekwisha, na ambayo inaorodhesha kila nishani yake yenye namba. Hapo ndipo huduma ya kulipia inapopata maana. Kwa sababu hiyo hiyo, medali zisizo na namba hazitafutiki kabisa zikiwa peke yake: ile ya Ushindi dhidi ya Ujerumani, yenye sura ya Stalin akitazama kushoto, walipewa watu takriban milioni 15, na hakuna mtafiti duniani atakayekuambia yako ilikuwa kifuani mwa nani. Anayekuahidi hivyo anataka fedha zako tu.

Kadi niliyoletewa ilikuwa picha safi, pande zote mbili, na kwa kipengele hiki nalipa duka sifa zote. Ilionyesha cheo cha sajini, mwaka wa kuzaliwa, kijiji, utaifa, kiwango cha elimu, na kazi ya kiraia aliyokuwa akiifanya mwaka 1947, nayo ilikuwa useremala. Katika safu ya nishani kulikuwa na mistari miwili. Mmoja ulikuwa wa nyota yangu, namba ikilingana tarakimu kwa tarakimu, hata ile iliyopinda. Mwingine ulikuwa wa medali ya "Kwa Ushujaa", pamoja na namba yake. Nilikaa na mstari huo wa pili muda mrefu kuliko nilivyotarajia, kwa sababu vitu viwili vilivyovaliwa na mtu mmoja vimetenganishwa, na kimoja kipo mahali fulani katika droo ya mtu asiyejua chochote. Wakati ule vilikuwa pia na thamani ya mezani: mpaka mwisho wa mwaka 1947 mwenye Nyota Nyekundu alilipwa rubli 15 kwa mwezi na mwenye medali ya "Kwa Ushujaa" rubli 10, malipo ambayo yalifutwa tangu Januari 1948.

Karatasi ya pendekezo ndiyo iliyonikera. Fomu ya Jeshi Jekundu ina mpangilio wake: jina, cheo na kikosi, tuzo inayopendekezwa, kisha vipengele vya mwaka wa kuzaliwa, utaifa, uanachama wa chama, vita alivyopigana, majeraha, tarehe ya kuingia jeshini, ofisi iliyomwandikisha na tuzo za awali, halafu maelezo mafupi ya tendo lenyewe. Upande wa nyuma huwekwa maoni na saini za makamanda wa juu. Mtu wangu alikuwa fundi wa nyaya za simu. Mapema mwaka 1945, karibu na mto Oder, alitambaa kutoka mwisho mmoja wa waya hadi mwingine chini ya mizinga na kuuunganisha mara 11 kwa siku moja, ili kamanda wa bataliani aendelee kuongea na mizinga yake. Maelezo yenyewe ni mistari tisa ya taipureta, makavu kama risiti, na kwangu ukavu huo ndio uliyafanya yaaminike.

Hata hivyo, duka liliniletea upande wa mbele peke yake, pamoja na tafsiri ya Kiingereza iliyofanywa kwa haraka. Mahali pa majeraha palikuwa na neno la Kirusi kontuziya, ambalo katika nyaraka za jeshi hilo humaanisha mtu aliyetikiswa ubongo na masikio kwa mlipuko, na mfasiri akaliandika kana kwamba sajini alichubuka ngozi. Kosa dogo kwa herufi, lakini linamgeuza mtu aliyerudi kazini akiwa huenda hasikii vizuri kuwa mtu aliyejikwaa. Kijiji nacho kiliandikwa vibaya, kwa sababu katika mwandiko wa mkono wa Kirusi herufi ya "t" hufanana na "m" yetu, na mfasiri hakujishughulisha kulinganisha na kadi, ambako jina lile lile lilikuwa limepigwa chapa.

Naongeza tahadhari ambazo duka lingepaswa kuziweka mbele ya mteja kabla hajalipa. Si kila Nyota Nyekundu ina hadithi ya vita. Kuanzia Juni 1944, amri ya serikali iliruhusu itolewe kwa kutumikia jeshini miaka 15, nishani ya Bendera Nyekundu kwa miaka 20 na nishani ya Lenin kwa miaka 25, na utaratibu huo ulidumu hadi mwaka 1957, kwa hiyo nyota nyingi za baada ya vita zilikwenda kwa maofisa waliokaa jeshini kwa amani, na utafiti wake huishia kwenye mstari mmoja wa tarehe. Vivyo hivyo, nishani ya Vita ya Uzalendo ya mwaka 1985 ilitolewa kwa wapiganaji wote waliokuwa bado hai, ikiwa ni maadhimisho ya miaka 40 ya ushindi. Medali za "Kwa Ushujaa" nazo zilitolewa kwa amri ya kamanda wa rejimenti, na mara nyingi huambatana na aya fupi ndani ya amri yenyewe badala ya karatasi kamili ya pendekezo. Aya hizo fupi nazipenda sana, lakini mtu aliyelipa ada ya kurasa nne ana haki ya kujua kwamba huenda akapata mistari mitatu.

Jambo la sheria pia lilinyamaziwa. Nchini Urusi, kununua au kuuza tuzo za serikali, zikiwemo za Kisovieti, ni kosa chini ya kifungu cha 324 cha Sheria ya Jinai, na anayesafiri kwenda huko akidhani atanunua nishani sokoni na kurudi nazo mfukoni anajitafutia matatizo. Nishani yangu ilikuwa nje ya nchi hiyo miongo mingi kabla haijanifikia, na duka lilinionyesha orodha ya mnada wa zamani kuthibitisha hilo nilipouliza. Lingefanya hivyo bila kuulizwa.

Niliandika barua mbili za malalamiko. Ya kwanza haikujibiwa. Ya pili, niliyoambatanisha picha ya fomu tupu na kuonyesha kwa mshale mahali ambapo ukurasa wa nyuma ungekuwa, ilijibiwa baada ya siku tisa na ukurasa wenyewe, bila malipo ya ziada. Nyuma kulikuwa na kile nilichokuwa nikikishuku: kamanda wa rejimenti alikuwa amependekeza nishani ya Vita ya Uzalendo ya daraja la pili, na kwa kalamu nyekundu mkono mwingine, wa kamanda wa divisheni, uliandika Nyota Nyekundu na kusaini. Hakuna sababu iliyoelezwa.

Kwa kazi ya nyaraka nalipa duka hili nyota nne kati ya tano, kwa tafsiri mbili, na kwa mawasiliano moja. Nimewapelekea namba nyingine, ya medali ya "Kwa Ushujaa" niliyoipata mwezi uliopita, safari hii kwa makubaliano ya maandishi kwamba nitaletewa picha za pande zote za kila karatasi, bila tafsiri. Si ile ya seremala wangu. Namba zinapishana kwa maelfu mengi. Nililinganisha kwanza.