Uma mpya ulionipiga shoti mdomoni

Seti hii ya vijiko sita na uma sita niliinunua Mtwara mjini, jirani na soko, kwa shilingi 15,000. Boksi limeandikwa ni stili isiyoshika kutu. Vinang'aa hadi unajiona uso, na vyepesi, ukivishika kama hujashika kitu. Wepesi huo ndio uliokuwa unishtue mapema, ila bei ilinifumba macho.

Nyumbani kwetu uma hutoka kabatini mgeni akija. Siku nyingine ugali na ming'oko tunamalizana navyo kwa mkono. Sasa Jumapili moja akaja shemeji kutoka Masasi, nikaandaa changu wa kuchoma, ndimu nyingi, pilipili kiasi. Tonge la kwanza tu, pande za ulimi zikachonyota, na gego la chini kushoto likapigwa shoti. Aliyewahi kulamba betri utotoni kuona kama bado ina moto anaijua ladha ile.

Nikailaumu pilipili. Nikaweka uma pembeni, nikala kwa mkono samaki yule yule na pilipili ile ile: kimya. Nikarudia uma: shoti. Baba watoto na shemeji wanakula tu, wananitazama kama nimepungukiwa.

Aliyenitatulia ni jirani yetu, mwalimu mstaafu wa fizikia. Swali lake la kwanza halikuhusu uma: "Mama, una jino lililozibwa kwa ile dawa ya rangi ya fedha?" Ninalo, gego hilohilo, lilizibwa zamani. Dawa ile ni mchanganyiko wa fedha, bati na shaba uliokandwa kwa zebaki, na zebaki peke yake ni karibu nusu. Uma wangu, akasema baada ya kuupinda kwa vidole viwili, ni aluminiamu. Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya mate yenye chumvichumvi, tayari ni betri: aluminiamu inaachia elektroni, yaani chembe ndogo mno za umeme, zinakimbilia kwenye dawa ya jino, na neva zinausikia mkondo huo. Ndimu inaongeza makali kwa sababu asidi inausaidia umeme kupita. Nguvu yake haifikishi hata betri moja ya tochi, na haidhuru, inakera tu. Karatasi ya kung'aa ya chokoleti ukiitafuna na jino la namna hiyo inafanya vilevile.

Nikamuuliza, na wasio na jino la kuzibwa? Akanipa jaribio ambalo nimelifanya mara nne, watoto wakicheka. Weka kijiko cha stili cha zamani juu ya ulimi, na uma wa aluminiamu kando yake, visigusane. Hakuna kitu. Sasa gusanisha mipini yao huko nje ya mdomo: ladha kali ya chuma inakuja papo hapo. Ukiitenganisha, inapotea. Kumbe Johann Georg Sulzer, mwanafalsafa wa Uswisi, aliliandika jambo hili miaka ya 1750 akitumia metali za risasi na fedha, na Alessandro Volta, mwanasayansi wa Italia, alikuja kutengeneza betri yake mwaka 1800. Mimi nimelifikia kwa changu.

Nilirudi dukani na boksi langu. Muuzaji akaniambia labda nina jini. Hakubadilisha.

Kwa hiyo nyota mbili, na hizo ni za kung'aa. Havishiki kutu, kweli, lakini uma mmoja umeshapinda kwenye kipande cha muhogo. Anayetaka kununua asitegemee sumaku peke yake: aluminiamu haivutwi, ila hata stili nzuri iliyogongwa 18/10 nyuma ya mpini, yaani kromiamu 18 na nikeli 10 kwa mia, kwa kawaida haivutwi. Pima uzito mkononi na ujaribu kuupinda mpini. Stili ina utando mwembamba wa oksidi ya kromiamu unaoizuia kuachia elektroni ovyo, ndiyo maana vijiko vyangu vya zamani havijawahi kunisumbua na gego hilihilo.

Vijiko vipya nimevitia kwenye kopo la sukari na la unga, kukavu, mbali na ndimu. Uma zimerudi kabatini. Shemeji anazipenda, meno yake hayajawahi kuzibwa.