Pedi za breki: ipi ununue Kampala, ipi uiache dukani

Ukiingia soko la spea la Kisekka ukaomba pedi za Premio bila kuongeza neno, utapewa pedi. Kama zitaingia kwenye gari lako ni habari nyingine. Premio ya ZZT240 na ile ya ZRT260 ni magari mawili tofauti yenye jina moja, na mwenye duka hana shida kukuuzia alichonacho. Kwa hiyo fungua boneti, piga picha kibati chenye namba ya chesisi, uende nayo. Njia ya uhakika zaidi ni kung'oa pedi moja kuukuu uilinganishe na mpya pale kaunta. Gari libaki nyumbani juu ya stendi, wewe panda boda.

Dukani, boksi lisikubabaishe. Boksi huchapishwa popote, na "Ssebo (bwana), hii orijino kabisa" haigharimu kitu kusema. Toa pedi yenyewe, geuza, soma bati la mgongoni na ubavu wake. Nyingi zina namba ndefu inayoishia na herufi mbili: EE, FF, GG. Herufi ya kwanza ni nguvu ya msuguano pedi ikiwa na joto la kawaida, ya pili ni ikiwa imechemka. E ni 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Pedi ya FE, basi, inalegea ikipata moto, ya FF haitoki daraja lake. Herufi hizo hazisemi pedi itadumu muda gani, ila pedi isiyo na herufi wala namba yoyote mgongoni mimi huirudisha pale pale. Kwa magari ya Ulaya tafuta alama ya 90R: pedi imepimwa, na utendaji wake hautofautiani na wa pedi za kiwandani kwa zaidi ya asilimia 15.

Namba moja kwangu ni Akebono na Advics, kampuni za Kijapani zinazovitengenezea breki viwanda vya magari. Unapata karibu kitu kile kile bila kulipia boksi lenye jina la Toyota. Ubaya ni kwamba majina makubwa ndiyo yanayofekiwa. Angalia maandishi kama yamefifia, pedi zote nne kama zinafanana, kingo kama zimekatwa sawasawa na hazina nyufa. Dai risiti yenye namba ya spea. Muuzaji akianza kuzungukazunguka hapo, umeshapata jibu.

Zinafuata seramiki za kampuni inayojulikana. Kwa anayeshinda kwenye jemu ya Wandegeya na Jinja Road ni tamu: kimya, na rimu hazijai vumbi jeusi. Bei yake iko juu.

Nusu-metali nimeziweka namba tatu, lakini kama una Noah au Hiace inayobeba watu na mizigo kwenda Kisoro au Kapchorwa, kwako hizo ndizo namba moja. Chuma kilichomo kinahimili na kusambaza joto, na kwenye mteremko mrefu joto ndilo linaloua breki. Zinapiga kelele kidogo na zinakula diski mapema, hilo ulikubali. Mlimani shuka na gia hata hivyo. Hakuna pedi itakayokufanyia kazi ya injini.

Za oganiki, laini na za bei nafuu, zinatosha Vitz ya kwenda kazini na sokoni. Huisha upesi.

Mtumba wa Japani usiuguse. Pedi mpya ina unene wa milimita 10 hadi 12 hivi na hubadilishwa ikibaki 3, kwa hiyo ukinunua iliyokwisha nusu utalipia kazi ile ile mara mbili, na huenda ilishanywa mafuta. Zilizobandikwa upya, yaani bati kuukuu lililogundishwa pedi mpya, nazo ziache. Kwa breki shuu za lori hiyo ni kazi ya siku nyingi na wapo wanaoijua. Kwa pedi ya diski, gundi mbaya inamaanisha bati tupu likisaga diski.

Kabla ya kulipa, hakikisha bei uliyotajiwa ni ya seti ya pedi nne, kulia na kushoto, maana huwezi kubadilisha upande mmoja tu. Chukua pia grisi ya silikoni ya pini za kalipa, kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski. Toyota nyingi zinataka spana ya 21 kwa nati za tairi na ya 14 kwa bolti za kalipa. Kama handibreki yako ni ya kubonyeza kitufe, breki za nyuma mwachie fundi mwenye mashine.

Nyumbani, kalipa isining'inie kwa paipu yake. Ifunge kwa waya. Ukisukuma pistoni ya kalipa irudi ndani, tazama mafuta ya breki yasifurike, yanababua rangi ya gari. Ukimaliza, kanyaga pedali hadi iwe ngumu kabla hujawasha gari. Kisha tafuta barabara tupu asubuhi na mapema, ukimbie 60, upunguze taratibu hadi 15 bila kusimama, urudie mara kadhaa, halafu liendeshe polepole bila kugusa breki sana mpaka zipoe.