Mashine ya kadi dukani Mwanga, Kigoma: jibu ni la sekunde, ugumu ni pale linapochelewa

Ninayoitumia ni mashine ya mkononi ya laini ya simu, niliyopewa na benki yangu kwa duka la vyakula na vinywaji hapa Mwanga. Wanaolipa kwa kadi ni wafanyakazi wenye kadi za benki za nchini na wageni wanaopita kwenda Gombe au Mahale.

Kwa kasi, sina lawama. Mteja akishaweka namba ya siri, ombi linakwenda benki yangu, linapita mtandao wa kadi hadi benki iliyotoa kadi, kisha jibu linarudi njia hiyohiyo. Mtandao ukiwa mzuri, yote hayo ni sekunde chache, hata kadi ikiwa ya Ujerumani. Kinachokula muda ni kipande cha kwanza, kutoka kaunta hadi mnara wa simu. Mashine iliyolala usiku kucha huanza kwa kutafuta mtandao, ndiyo maana muamala wa kwanza wa asubuhi huzunguka sana. Kwenye menyu kuna jaribio la mawasiliano. Lifanye kabla hujafungua mlango. Usiiweke nyuma ya friji wala chini ya kaunta ya bati. Na kabla ya kupokea mashine, pima kwa simu yako ni mtandao gani unashika vizuri hapo ulipo, uombe laini ya huo.

Mashine ikikataa, soma namba kabla ya kujaribu tena. 51 ni salio halitoshi, 54 kadi imekwisha muda, 55 namba ya siri imekosewa. 05 maana yake benki ya mteja imekataa bila kutaja sababu, kwa hiyo usibishane naye, aipigie benki iliyompa kadi. 91 ni benki yake haipatikani. Kuchomeka kadi mara tano hakuileti hewani. Mpe njia nyingine ya kulipa.

Sasa linaloumiza wafanyabiashara wengi. Mteja anaonyesha meseji, shilingi 85,000 zimekatwa, huku mashine imeandika muda umekwisha. Hapo benki yake ilishakubali ila jibu limepotea njiani. Meseji yake si malipo kwako! Fungua ripoti ya miamala kwenye mashine. Kama muamala huo haumo, hujalipwa. Mashine iliyokosa jibu hutuma yenyewe ombi la kufuta muamala ule, mara nyingi kabla ya kuruhusu mwingine, kwa hiyo usiizime wala kuchomoa betri kwa hasira. Iache iwake mtandao ukirudi. Ukimkata mteja mara ya pili papo hapo, anaweza kubaki amelipa mara mbili kwa siku kadhaa, na atakuja kukudai wewe.

Ikiwa karatasi imekwama au betri imeisha nguvu lakini muamala upo kwenye ripoti, umelipwa. Chapisha nakala ya risiti ya mwisho, usirudie muamala.

Kukubaliwa si kuingia. Jioni nafunga hesabu ya siku kwenye mashine, na fedha huonekana kwenye akaunti siku ya kazi inayofuata. Za Ijumaa jioni nazikuta Jumatatu. Zinaingia zikiwa zimekatwa asilimia ya benki, hivyo uliza kiwango cha makato kabla ya kusaini, kwa kadi za ndani na za nje. Mwenye biashara ya kununua mzigo kila asubuhi pale Kibirizi asitegemee kadi peke yake. Na karatasi ya mashine hii si risiti ya kodi. Hiyo unaitoa palepale kwenye EFD, mashine ya risiti za kodi.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nainyima huduma ya malalamiko: tawi linapokea maelezo, linayapeleka Dar es Salaam, halafu kimya. Kinachosaidia kusukuma ni namba ya rejea ya tarakimu 12, namba ya kibali, namba ya mashine na saa kamili, vyote viko kwenye karatasi ya muamala. Karatasi hizo hufifia haraka zikipata joto, kwa hiyo nazipiga picha siku hiyohiyo.